Hesabu ya Ofre

Mlima Ekarra uliporomoka saa nne asubuhi, Kekong Ojua akiwa ameinua bakuli la garri, unga wa muhogo uliolowekwa, anamalizia funda la mwisho. Kwanza alisikia mkwaruzo, kama mtu anayeburuta gunia la kakao sakafuni. Kisha miti iliyokuwa juu ya kambi ikaanza kutembea. Ilishuka ikiwa imesimama wima, na mitambaazi yake, na majani yake yote, na alipopata akili ya kupiga kelele tope lilikuwa limeshabeba turubai, sufuria na moto wenyewe.

Alimkamata Nkoyo mkono, wakajitupa nyuma ya shina la mti mkubwa uliokuwa na mizizi mipana kama kuta. Tope likapita kulia na kushoto. Lilipotulia, mvua ikabaki inanyesha vilevile, kana kwamba hakuna lililotokea, na Ofre hakuonekana.

Walimpata kwa matusi yake. Sauti ilitoka chini ya matawi hatua thelathini bondeni, inautukana mlima, inaitukana mvua, inamtukana aliyechagua mahali pa kambi. Kekong ndiye aliyechagua. Alichimba kwa mikono na bakuli lile lile la garri, Nkoyo akivuta matawi, mpaka wakamtoa akiwa mwekundu wa tope kuanzia utosini. Mguu wa kushoto ulikuwa umevunjika kwenye muundi. Ngozi ilikuwa imepasuka, na ndani ya mpasuko kulikuwa na kitu cheupe ambacho Kekong alikitazama mara moja tu.

"Usinifiche, shemeji," Ofre akasema. "Upo?"

"Mguu upo."

"Basi dada yako hajapata sababu ya kuolewa tena."

Ofre Bisong alikuwa mume wa mdogo wake Kekong, mtu mfupi, mpana, asiyeweza kunyamaza hata kanisani. Ni Kekong aliyemtoa kwenye mitego ya ngedere akamleta kwenye kazi hii ya mradi wa kulinda wanyama, na ni Kekong aliyemwahidi dada yake kwamba msitu utamrudisha kila mwisho wa mzunguko. Nkoyo alikuwa binti wa mji wa Kalabar aliyesomea wanyama, mwaka wa nne sasa akiandika kwenye daftari kila walichokiona. Alikuja huku Boki na viatu vyeupe. Viatu vile watu wa kijiji cha Kanyebo wanavizungumzia hadi leo.

Wakahesabu walichobakiwa nacho. Panga moja, kitenge cha Nkoyo, daftari ndani ya mfuko wa plastiki shingoni mwake, na garri ya kujaza viganja viwili. Simu ya setilaiti, dira, dawa na chakula vilikuwa chini ya mlima. Kutoka hapo hadi Kanyebo ni mwendo wa siku mbili kwa mtu mzima wa miguu, na njia yenyewe ilikuwa imefunikwa. Mzunguko wao ulikuwa wa siku kumi, na hii ilikuwa ya tatu, kwa hiyo hakuna ambaye angeanza kuwatafuta kabla ya wiki moja. Kekong alishawahi kuona kidonda wazi kikikaa wiki moja kwenye msitu wa Julai. Mwenye kidonda kile walimzika.

Alikata fito nne, akazifunga mguuni kwa kamba za msituni, Nkoyo akimshika Ofre mabega na kumwambia habari za viatu vyake vyeupe ili asisikilize mwili wake. Kisha wakambeba kama wanawake wanavyobeba watoto: Kekong akachuchumaa, Ofre akawekwa mgongoni, kitenge kikazungushwa na kufungwa kifuani. Alikuwa mzito kupita mnyama yeyote ambaye Kekong aliwahi kumbeba.

Siku ile walitembea mpaka wakakuta mwamba wenye kibaraza, wakalala chini yake, mvua ikining'inia mbele yao mfano wa pazia. Kushuka kwa kufuata maji hakukuwezekana. Kwenye Ekarra, kijito chochote utakachokifuata kinakupeleka kwenye maporomoko ya maji, na mwisho wa maporomoko yote kuna korongo la mto ambao mwezi wa Julai hauvukiki hata kwa mtu mwenye mitumbwi kumi. Kanyebo ilikuwa ng'ambo ya korongo hilo, na daraja la kamba walilojia lilikuwa kwenye njia ile iliyofunikwa.

Asubuhi ya pili ukungu ulikuwa mzito, mtu haoni kisigino cha aliyemtangulia. Walikuwa wanapapasa kwenye mteremko wa tangawizi-mwitu Kekong aliposimama ghafla. Harufu ilikuwa imemfikia, ile ya jasho na majani machungu. Mbele yake mabua yalikuwa yamekunjwa na kupangwa duara, kama kitanda, na kando yake kingine, na kingine.

Nkoyo alikwisha kutoa daftari. Akahesabu viota kama siku yoyote ya kazi. "Tisa," akasema. "Mavi bado yana mvuke. Wametoka saa hizi hizi."

Kazi yao ilikuwa kuwahesabu gorila bila kuwaona. Upande ule wa mlima walikuwa tisa tu, tisa katika dunia nzima ya misitu ile, na gorila aliyezoea watu ni gorila asiyekimbia bunduki. Kwa hiyo sheria ilikuwa moja. Ukikuta njia mbichi, unaipa mgongo. Unaifuata kinyume, kwenda walikotoka, unahesabu vitanda vyao vya jana na juzi, na wao unawaacha waende zao. Miaka kumi na moja Kekong alikuwa ameishika sheria hiyo. Alijua ukubwa wa mikono yao kwa mabua waliyoyavunja, alijua nani mgonjwa na nani ana mimba, na hajawahi kumwona hata mmoja.

Ndiyo maana miguu yake haikumwuliza. Ilipoiona njia mbichi, iligeuka. Kekong, na mzigo wake mgongoni, akashika njia ya gorila kinyume, na Nkoyo akamfuata akiandika, kwa sababu hivyo ndivyo walivyokuwa wakifanya siku zote. Walikwenda kwa muda wa saa tano. Walipita mabua yaliyotafunwa, magome yaliyochunwa, alama za vifundo kwenye tope. Mchana ukungu ukapasuka kidogo, na njia ikaishia hewani. Mbele yao palikuwa na kovu jekundu la mlima, pana, mbichi, na chini kabisa bakuli la garri liking'aa kwa mwanga mdogo. Walikuwa wamerudi kambini kwao.

Gorila walikuwa wamelikimbia poromoko lile lile, na wao wamelifuata.

Kekong alikaa chini na mtu wake mgongoni. Alijiita mjinga kwa lugha mbili. Nusu siku ya Ofre ilikuwa imeliwa na mazoea yake, na joto la Ofre sasa alilihisi kupitia shati, kali, kama amebeba chungu kilichotoka jikoni.

"Mzee Kekong," Nkoyo akasema. Alikuwa amefungua daftari, anafunua kurasa za nyuma, za miaka iliyopita. "Kila Julai viota tunavikuta upande huu. Kila Agosti viko upande wa Kanyebo, kwenye maembe-mwitu. Si ndivyo?"

"Ndivyo."

"Katikati kuna korongo. Gorila hawaogelei. Wanavukia wapi?"

Kekong hakujua. Hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwafuata waendako. Jibu lilikuwa limekaa miaka yote hiyo upande wa pili wa sheria.

Alikataa kwanza. Alisema wakiwasumbua, kundi litatawanyika, na dume likiogopa litawapeleka majike kwenye mashamba ya watu, na huko bunduki hazikosekani. Nkoyo hakubishana naye. Alimwonyesha tu kidonda, na mstari mwekundu uliokuwa umeanza kupanda kutoka kwenye muundi kuelekea gotini. Kekong akautazama mstari ule mpaka akachoka kuutazama. Kisha akaweka masharti: watabaki nyuma, hawatakata mti, hawatawasha moto hata wakipata kiberiti kikavu, na hakuna atakayetoa sauti.

Wote wawili wakamgeukia Ofre.

"Mimi?" Ofre akasema. Midomo yake ilikuwa imepasuka. "Mnataka mimi ninyamaze? Nileteeni poromoko jingine."

Jioni walirudi kwenye viota tisa, wakiwa wamechoka hadi kusahau njaa. Kekong alimlaza Ofre kwenye kile kikubwa, cha dume. Kilikuwa kikavu chini, kimesukwa kwa mabua manene, na mtu mzima akaenea na mguu wake wa fito. Ofre alilala vizuri humo kuliko alivyolala chini ya mwamba. Kekong alimwangalia akipumua, na kwa mara ya kwanza tangu mlima uanguke akamshukuru mtu: alimshukuru dume yule kwa kitanda. Alisema asante kwa sauti ya chini, kwa Kiboki, kama unavyomshukuru mwenye nyumba.

Siku ya tatu waliishika njia mbichi kwa mbele. Kekong alijisikia kama anaingia chumbani mwa mtu bila kubisha. Walikula walichokula wenyeji wake. Palipovunjwa bua la tangawizi-mwitu, naye alivunja la jirani, akamenya, wakatafuna moyo wake mweupe wenye maji na ukali. Walilamba maji ya mvua kwenye majani mapana. Kijiko kimoja kimoja cha garri walimwekea Ofre ulimini. Njia haikupita kwenye miteremko mibaya. Ilizunguka, ilipanda polepole, ilikwepa kila penye utelezi, kwa sababu ilitengenezwa na wenye watoto, na Kekong aliyejiona bingwa wa msitu huo alitembea akijifunza kama mgeni.

Ofre alinyamaza. Alikuwa amejiwekea mkanda wa panga mdomoni, akaung'ata. Kila Kekong alipoteleza, mguu ulipogonga tawi, alihisi taya za shemeji yake zikifunga karibu na sikio lake, na hakuna sauti. Mtu aliyekuwa akipiga soga na mbuzi alikwenda siku nzima bila neno. Kekong alilia kidogo, akashukuru kwamba mvua ilikuwa usoni mwake.

Siku ya nne Ofre alianza kuzungumza na mama yake aliyekufa, ndani ya mkanda, kwa pumzi tu bila sauti. Mstari mwekundu ulikuwa umepita goti. Nkoyo alitembea pembeni akimshika mkono, na kila baada ya muda anabonyeza kiganja, naye anajibu kwa kubonyeza, ndivyo walivyojua bado yupo.

Mchana walisikia mto. Ulikuwa chini yao, haukuonekana kwa ukungu, lakini ardhi ilitetemeka kwa ngurumo yake. Njia ikashuka kati ya mawe mawili makubwa, ikatokea kwenye ukingo, na hapo ndipo Kekong alipolipata jibu la miaka yote. Mvule wa kale ulikuwa umeanguka kutoka ukingo huu hadi ule, mnene kuliko barabara ya Kanyebo, umeota kuvu na mikangaga, na juu yake katikati kulikuwa na njia iliyosagwa na vifundo na nyayo, laini, ya vizazi.

Kisha mlio ukatoka kulia kwake, mfupi, mkali, kama ubao unaopasuka, na majani yakaja mbio.

Kekong hakukimbia. Angekimbia wapi, na mtu mgongoni na korongo mbele? Alifanya alilokuwa akiwafundisha wengine bila kuwahi kulihitaji: alichuchumaa, akateremsha kichwa, akayaweka macho yake kwenye tope na kuyaacha huko. Nyuma yake alimsikia Nkoyo akishuka chini vilevile. Kitu kikubwa kilisimama mbele yake. Aliona mkono mmoja tu, ulioegemea vifundo, mweusi, wenye kovu kwenye kidole gumba. Harufu ilimjaa kifuani. Alisubiri Ofre apige kelele, kwa sababu Ofre alikuwa na homa, na uso wake ulikuwa juu ya bega la Kekong, umeangalia mbele.

Ofre hakupiga kelele. Kidole chake kikamgusa Kekong kifuani, juu ya fundo la kitenge. Kikagonga mara moja.

Kikatulia. Kikagonga tena. Kekong hakuelewa, akadhani ni homa. Kikagonga mara ya tatu, na akasikia, chini ya ngurumo ya mto, uzito ukipita juu ya gogo, taratibu, ukaishia ng'ambo. Mara ya nne. Ndipo akajua shemeji yake anafanya nini. Alikuwa kazini. Kundi lilikuwa linavuka nyuma ya dume, mmoja mmoja, na Ofre Bisong, mguu wake ukioza, mdomo wake umezibwa kwa mkanda, alikuwa anahesabu.

Tano. Sita. Saba. Nane. Mkono wenye kovu haukusogea. Halafu kidole kikagonga mara nyingine, ya tisa, kwa wepesi sana, kama unavyomgusa mtoto mchanga shavuni, na kikabaki pale pale.

Kekong alihesabu upya kichwani. Tisa walishavuka, na dume alikuwa bado mbele yake. Wa tisa yule mwepesi hakuwa na kiota; alilala kwenye kiota cha mama yake, na kama mavi yake madogo yalikuwamo, mvua ya mlimani ilikuwa imeyaosha kabla ya Nkoyo kufika na daftari.

Dume lilipumua kwa nguvu mara moja. Mkono ukainuka kutoka kwenye tope na kuacha umbo lake, likaanza kujaa maji. Gogo likalia kwa uzito mkubwa kuliko wote, kisha ukabaki mto peke yake.

"Kumi," Nkoyo akanong'ona. Alikuwa analia waziwazi. "Mzee, nimeona kichwa chake. Ameshika mgongo wa mama kama hivi. Umemwona?"

"Nimeona tope," Kekong akasema.

Waliacha saa nzima ipite kabla ya kuvuka. Gogo halikuteleza hata hatua moja. Upande wa pili njia ya gorila iligeukia juu, kwenye miti mirefu, na Kekong aliiacha hapo. Alisimama, akatamka asante kwa sauti ambayo hata mtu wa ng'ambo angeisikia, kisha akaigeuzia mgongo na kushuka kuelekea kwenye moshi uliokuwa ukipanda kutoka chini ya mteremko.

Moshi ulikuwa wa wanawake wa Kanyebo waliopiga kambi ya maembe-mwitu, wanapasua kokwa na kuzikausha juu ya chanja. Mama mmoja alimwona Kekong akitoka msituni na kichwa cha pili begani, akaangusha panga lake. Hawakuuliza mengi. Waliwapa supu ya moto yenye samaki mkavu, wakavunja chanja lao lenye kazi ya siku sita, kokwa zote chini, wakalifanya machela. Wanawake wanane walimbeba Ofre mpaka barabarani kwa zamu bila kupumzika, wakiimba ili asisinzie, na dereva wa lori la mbao akamfikisha hospitali ya mji wa Ikom kabla giza halijaingia. Daktari alisema siku moja zaidi angeukata mguu, siku mbili zaidi asingekuwa na wa kumkata. Kekong aliporudi Kanyebo alikwenda nyumba hadi nyumba kwa wanawake wale wanane, akawajengea chanja jipya, kubwa kuliko la kwanza.

Kwa mkuu wa mradi walieleza yote, hata kuvunja sheria. Alisikiliza, akakunjua ramani mezani, akawapa kalamu waweke alama mahali pa kuvukia. Nkoyo aliishika kalamu, akamtazama Kekong, akairudisha mezani. Ramani hupotea, hunakiliwa, huuzwa. Mkuu akaikunja ramani ikiwa vilevile, bila alama. Kwenye daftari Nkoyo aliandika idadi, kumi, na mbele yake, kwenye safu ya jina la aliyeona, akaandika Ofre Bisong.

Ofre hakuacha kuitangaza habari hiyo. Mguu ulipona ukiwa mfupi kidogo, asingeweza tena kupanda Ekarra, akawa mtu wa kulinda stoo ya mradi na kukausha kakao yake. Kila mgeni aliambiwa: huyu shemeji yangu amewahesabu gorila miaka kumi na moja, siku walipokuja kumsalimia akainamia tope. Kekong alicheka kila mara, na kila mara kweli.

Sheria waliirudia. Akikuta njia mbichi, Kekong aliipa mgongo kama zamani. Kilichobadilika ni kwamba kabla ya kugeuka alisimama, akavua kofia, akasema asanteni. Vijana aliokuja kuwafundisha walidhani ni sehemu ya kazi, nao wakafanya hivyo.

Mwaka wa tatu baada ya poromoko, mwisho wa mzunguko wa Agosti, alimkuta Ofre nje ya stoo anageuza kakao kwenye jamvi. Ofre aliweka reki chini. Hesabu hii ya kila mwaka ndiyo jambo pekee ambalo Ofre hakulisemea tangu siku ile. Alimpa Kekong bega.

Kekong alisimama nyuma yake, akaanza kugonga kwa kidole. Moja, mbili, tatu, mpaka tisa, taratibu. Kila mwaka baada ya tisa alikuwa akigonga kidogo tu, mguso wa mtoto anayelala na mama yake. Safari hii kidole cha Kekong kilikaa hewani kwa muda, kisha pigo la kumi akaligonga kwa nguvu ile ile ya mengine.

Ofre aligeuka. "Amejitandikia mwenyewe?"

"Kando ya mama yake," Kekong akasema. "Kiota kidogo, kimekaa upande. Lakini ni cha kwake."

Ofre Bisong akafungua mdomo aseme kitu, akashindwa, akakaa chini juu ya kakao yake.